Paa Lililoshonwa: Turubai la Gari Kutoka Ziwani Hadi Mutakura

Historia ya gari katika nchi za Maziwa Makuu huandikwa kuanzia chini ya boneti: nani alileta injini, nani alijua kuifungua, gereji ipi ilizaa mafundi wengi. Bujumbura, masimulizi hayo hupitia Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao gereji zake zinajulikana nchi nzima, na sina ugomvi nayo. Ila yanaruka sehemu moja ya gari ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo ya kwanza iliyoacha kuwa siri ya kiwanda cha ng'ambo na kuwa kazi ya mikono ya hapa. Sehemu hiyo ni paa. Sisemi paa la bati, nasema lile la turubai linalokazwa juu ya matao ya chuma, lililokuja na jipu, likaingia kwenye Land Rover na pikapu, na ambalo leo katika mtaa kama Mutakura, kaskazini mwa jiji, hazipiti dakika nyingi bila kuonekana juu ya tuktuk. Watu wengi wakiliona husema ni alama ya uhaba. Mimi nasema liliikuta kazi yake tayari ina wenyewe, kwa sababu ujuzi wa kukata, kushona na kukaza kitambaa kizito dhidi ya upepo na mvua ulifika kwenye Ziwa Tanganyika kabla ya gurudumu la kwanza la mpira.

Ushahidi wa kwanza uko majini. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilisafiri kwa tanga la mkeka. Karne ya 19 majahazi ya pwani yalipotweka tanga la pamba, kitambaa kilichotawala soko kilikuwa marikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said uliipa biashara hiyo mlango rasmi, na kuanzia 1837 Marekani ilikuwa na balozi mdogo wake Unguja. Marikani ilivaliwa, ilinunua pembe za ndovu, ililipa hongo za njiani na posho za wapagazi hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikausha, vitambaa vya Uingereza na India vikaziba pengo. Wafanyabiashara wa pwani waliofika Ujiji hawakuishia kuuza kitambaa. Walijenga majahazi huko huko ziwani na kuyawekea matanga. Hapo ndipo panaponihusu. Mshona tanga anajua mambo ambayo mshona kanzu hana haja nayo: kwamba kitambaa kizito hubeba mvuto kwa kufuata uzi wake na hulegea kikivutwa mshazari, kwamba pindo lisilo na kamba ndani litachanika, kwamba kona hutiliwa kiraka cha pili kabla haijapasuka, kwamba mshono unaopokea upepo hukunjwa mara mbili na kupigwa mistari miwili. Toa maji, weka barabara, na hayo ndiyo mambo yote ambayo mfunika gari anapaswa kuyajua.

Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati wa ukoloni, ilikua juu ya mkondo huo huo wa watu na kitambaa. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi hapo mwishoni mwa karne ya 19, Wabelgiji wakakitwaa mwaka 1916, na mji ukawa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Askari, makarani, wachuuzi, mabaharia na washonaji waliotoka Ujiji, Maniema na pwani walileta Kiswahili, Uislamu na cherehani, na Buyenzi ukawa mtaa wao. Halafu ikaja kahawa. Wabelgiji waliisukuma kwa nguvu katika mashamba ya milimani kuanzia muongo wa 1930, na njia yake ya kwenda baharini ilikuwa ile ile: kushuka kwa lori hadi bandari ya Usumbura, kuvuka ziwa hadi Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika tangu 1914. Kahawa iliyokaushwa ikilowa tena huota ukungu na kushuka daraja, na mvua za nchi hii huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Mei. Kila gunia lililopanda lori lilihitaji turubai zima, lisilo na tundu, na kila turubai lililosuguliwa na kamba milimani lilihitaji mtu wa kulitia viraka. Soko la ufundi huu lilikuwapo, basi, na lilikuwa na fedha ndani yake, kabla mtu hajafikiria kufunika kiti cha abiria.

Jipu lilikuja juu ya msingi huo. Willys ya 1941 ilikuwa na paa la turubai juu ya matao mawili ya kukunjwa, bila mlango wa chuma hata mmoja, na hadi vita kuu ya pili inakwisha Willys na Ford walikuwa wametengeneza zaidi ya 600,000. Land Rover iliyozinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 ilifuata wazo lile lile: bodi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, na juu yake matao na turubai. Ubelgiji yenyewe iliingia katika kazi hiyo, kwani mwanzoni mwa muongo wa 1950 kampuni ya Minerva ilianza kuunda Land Rover kwa leseni kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, bodi ikiwa ya chuma na paa likiwa la kitambaa. Waundaji walikuwa na sababu zao: gari liwe jepesi, liwe fupi machoni pa adui, lipakiwe melini bila kula nafasi. Lakini sababu hizo za kijeshi zilikuwa na tokeo ambalo wao hawakulihesabu. Waliweka juu ya gari sehemu ambayo mchoro wake uko ndani ya kitu chenyewe. Giaboksi ikivunjika, fundi anahitaji gia nyingine kutoka kiwanda kile kile. Paa la turubai likichakaa, linafumuliwa mshono kwa mshono, vipande vinatandazwa juu ya kitambaa kipya, vinafuatishwa kwa chaki, vinakatwa. Lililokufa linafundisha jinsi ya kulizaa jingine. Hakuna sehemu nyingine ya gari inayompa fundi elimu yote hiyo bila kitabu na bila mwalimu.

Inafaa kukaa kidogo kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo inayoonyesha kwamba hapa pana maarifa na si kubahatisha. Matao hutangulia. Bomba hukunjwa na kuungwa ili tao la kati liwe juu kidogo kuliko ya pembeni. Bila mgongo huo maji ya mvua hutuama juu, uzito wake huvuta kitambaa chini, na bwawa dogo la kwanza huandaa mahali pa lile kubwa zaidi. Kisha ni uchaguzi wa kitambaa, na hapa fundi wa pamba na fundi wa plastiki hufanya kazi mbili tofauti. Turubai la pamba hunywea likilowa, kwa hiyo lisipoloweshwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, mvua ya kwanza italifanya fupi na vifungo havitafika. Fadhila yake ni kwamba nyuzi zake huvimba kwa maji na kuziba matundu, hata yale ya sindano, ikiwa uzi wa kushonea nao ni wa pamba. Turubai la siku hizi, la poliesta iliyopakwa plastiki, halinywei wala halivimbi, na kila tundu la sindano hubaki tundu. Mshonaji wake lazima apange mishono ili kipande cha juu kilalie cha chini kwa kufuata mteremko, ahesabu mishono michache iwezekanavyo juu ya vichwa vya watu, na atumie uzi wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba uliobanwa ndani ya plastiki yenye unyevu huoza kabla kitambaa hakijachoka. Madirisha ya plastiki angavu hugeuka manjano kwa jua na kuvunjika pale yanapokunjwa, hivyo mshonaji mwangalifu huyawekea mkanda wa kuyakunja kwa mduara mpana. Mwisho ni mkazo. Paa lililolegea hupigapiga gari likienda kasi, na ni kule kupigapiga, kuliko mvua au jua, kunakolichana. Cherehani ya kukanyaga kwa mguu haikuundwa kwa tabaka nne za turubai. Kwenye kona fundi huacha kukanyaga na kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu.

Sasa pingamizi kubwa. Msomaji atasema: yote hayo ni kweli, lakini watu walishona paa kwa sababu hawakuwa na pesa za kununua la kiwandani, au gari lenye paa la chuma. Umaskini ndio baba wa ufundi huu, na kuuita urithi wa matanga ni kuupaka rangi. Pingamizi hili lina nguvu na siwezi kulipita kando. Bei imekuwa sababu siku zote. Lakini kama umaskini pekee ungetosha kueleza, tungetarajia paa la kitambaa litoweke pale pesa zinapopatikana, na sivyo ilivyo. Arusha na Nairobi, magari ya kutembeza watalii ni miongoni mwa yaliyogharimu zaidi barabarani, na bado karakana huko huchukua Land Cruiser, huikata juu, na kuipa matao na turubai la kukunjwa ubavuni, kwa kuwa mgeni anataka kuona simba bila kioo kati yao. Majeshi, ambayo hayakosi bajeti, yameendelea na turubai kwa sababu zile zile za 1941. Katika bonde la Imbo, ambako Bujumbura iko kwenye mwinuko wa karibu mita 775 tu na joto la ziwani halina huruma, paa la bati lisilo na bitana huwaka juu ya kichwa, ilhali turubai lililoinuliwa pembeni hupitisha hewa. Upungufu wa fedha unaeleza kwa nini mtu fulani alishona badala ya kununua. Hauelezi kwa nini alikuwapo mtu wa kumshonea.

Ulinganisho na Ufilipino unasaidia hapa. Waamerika waliacha huko maelfu ya majipu baada ya 1945, na watu wa Manila waliyarefusha, wakayawekea paa la bati na mapambo, wakapata gari la abiria linalojulikana dunia nzima, jeepney. Nao walikuwa na uhaba, pengine mkali kuliko wetu wakati huo, na uhaba wao ukazaa chuma. Walikuwa na wingi wa magari ya aina moja, yaliyofika kwa mkupuo, na hilo likafanya kazi ya bodi za chuma ilipe. Kwetu magari yalifika moja moja, kwa reli na kwa meli ya ziwa, kila moja la mwaka wake na la nchi yake, na anayekidhi haja ya namna hiyo ni fundi anayepima upya kila mara. Uhaba mmoja, majibu mawili. Tofauti imetoka kwenye kile kilichokuwa mkononi mwa watu.

Jaribio gumu zaidi la hoja hii lilikuja mwaka 1996. Baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka tarehe 25 Julai, nchi jirani zilikutana Arusha tarehe 31 Julai na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, ambavyo vilisitishwa Januari 1999. Mafuta na vipuri vikawa vya magendo na vya bei ya kukata tamaa. Katika hali kama hiyo kila sehemu ya gari hutaja asili yake: pampu ya mafuta huingojea nchi ya mbali, tairi huingojea mpaka, lakini paa hungojea tu mshonaji amalize sare za shule zilizotangulia. Vikwazo havikuvumbua ufundi huu. Viliutegemea, kama vile vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuwa vimekwisha kuutegemea. Mauaji ya Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 yalifuatwa na umwagaji damu nchi nzima na kukimbia kwa mamia ya maelfu ya watu, na mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, Kamenge, Kinama, Cibitoke, Mutakura, Ngagara, ikagawanywa kwa kabila kufikia 1995. Ndipo shitingi za UNHCR zilipoenea pande zote za Maziwa Makuu: mita 4 kwa 5, nyuzi za plastiki zilizofumwa na kufunikwa tabaka la plastiki pande zote mbili.

Hapo wengine huona ushahidi dhidi yangu. Shitingi ilikuja kama sadaka, wanasema, na mapaa ya magari ya miaka ile ni sehemu ya historia ya misaada. Naona wanachanganya malighafi na kazi. Shitingi iliyofungwa juu ya pikapu kwa kamba ni kifuniko, na kifuniko cha dharura kinaweza kufungwa na yeyote. Ukitaka iwe paa, inabidi mtu ajue kwamba ufumaji huo huanza kufumuka pale unapotobolewa, kwamba ringi ya chuma ikipigwa bila kiraka chini yake itang'oka kwa safari chache, kwamba plastiki hiyo laini haiwezi kukazwa juu ya tao lenye ncha bila kuvikwa kitu. Anayejua hayo aliyajua kutoka kwenye vitambaa vingine. Wala shitingi haikuwaondoa mafundi turubai la kweli kichwani: kwa mzigo na kwa nyumba ilikubalika, kwa gari la kusafiri ilibaki ya muda.

Swali la malighafi lina upande mwingine ambao ni mchungu zaidi, na upo karibu sana na Mutakura. Ngagara, mtaa wa jirani, ndiko kilikojengwa COTEBU, kiwanda cha nguo cha Bujumbura, kwa msaada wa China, kikafuma pamba ya nchi yenyewe, iliyolimwa hasa katika bonde la Imbo. Kilifungwa katika muongo wa 2000 na baadaye kikafufuliwa chini ya jina la Afritextile. Jina COTEBU limebaki kwa soko lililo karibu nacho, ambalo lilipokea wachuuzi wengi baada ya soko kuu la jiji kuteketea tarehe 27 Januari 2013. Pamba ikilimwa kilomita chache kutoka hapo na kufumwa vitenge na sare, kitambaa kizito cha kufunika magari kiliendelea kununuliwa nje. Basi ni nini cha hapa katika paa hili, ikiwa turubai ni la kigeni, cherehani ni ya kigeni, uzi, ringi na bomba ni vya kigeni? Nimeliona pingamizi hili kuwa zito kuliko lile la umaskini, na jibu langu ni kwamba marikani nayo ilikuwa ya kigeni. Hakuna aliyewahi kusema jahazi la Ujiji ni la Massachusetts kwa sababu ya tanga lake. Mkato ndio wa hapa: uamuzi wa wapi mshono upite, upande upi ufunguke, mvua itokayo milimani ipokelewe vipi. Hata hivyo, nakiri kwa masikitiko kwamba nchi yenye pamba, kiwanda na mafundi iliviacha vitatu hivyo bila kuviunganisha.

Mutakura yenyewe, katika zoni ya Cibitoke ya komuni Ntahangwa, haitajwi katika vitabu kwa ajili ya ufundi. Ikitajwa ni kwa vita vya muongo wa 1990 na maandamano ya 2015. Lakini ndiyo aina ya mtaa ambamo paa la kitambaa limepata maisha yake ya sasa. Jipu na Land Rover za turubai zimepungua. Barabara za jiji ni za Probox na Hiace zenye paa la chuma, na mtu angeweza kuhitimisha kwamba ufundi umekwisha. Kilichotokea ni kwamba umehama. Tuktuk ya kutoka India ina fremu ya chuma na paa la kitambaa kilichopakwa plastiki, yaani ni jipu la 1941 katika jambo hili moja, na jua la Imbo hulila paa hilo mapema kuliko injini. Machi 2022 serikali ilipopiga marufuku baiskeli, pikipiki na tuktuk kuingia katikati ya jiji, vyombo hivyo vilisukumwa kwenye mitaa ya pembeni, na mitaa ya kaskazini ikawa sehemu ya uwanja wao. Paa linalochanika huko linashonwa upya karibu na linakofanyia kazi. Nalo hubadilishwa likishonwa: hupewa pazia la pembeni la kuteremshwa mvua ikianza, kiraka cha ngozi ya plastiki pale linapogusa chuma, mfuko wa dereva. Mabadiliko ya namna hiyo yanatuambia kwamba anayeshona anafikiri juu ya abiria wake, wala hanakili tu.

Limebaki pingamizi la usalama, na hili silijibu kwa kulikana. Turubai halimlindi mtu gari likipinduka. Kwenye Land Rover ya zamani matao yalikuwa ya kubeba kitambaa tu, na yalikunjamana chini ya uzito wa gari. Ndivyo ilivyo kwa fremu nyepesi ya tuktuk. Kuwaambia wenye vyombo hivyo waweke paa la bati hakutawaokoa, kwa kuwa bati juu ya fremu dhaifu linaongeza uzito juu na kurahisisha kupinduka, kisha linakata. Kinachookoa ni bomba nene lililofungwa kwenye chasisi, na bomba hilo laweza kuvaa turubai bila shida, kama magari mengi ya mashindano na ya kijeshi yanavyofanya. Kazi hiyo ni ya mchomeleaji na mshonaji pamoja, na hapo ndipo mafunzo ya ufundi yanapokwama, kwani mafunzo ya ushonaji huandaa washonaji wa nguo na yale ya makanika huandaa watu wa injini. Anayefunika magari hujifunza kwa kukaa pembeni ya mwingine. Kozi fupi ya matao, mkazo na mishono ya turubai, ikifundishwa Bujumbura kwa vijana wa cherehani na wa kuchomelea wakiwa darasa moja, isingehitaji mashine yoyote ambayo haipo jijini tayari.